Nichukue fimbo za Mzee au zile za Nairobi?

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 41, ni mhasibu, naishi Tegeta, Dar es Salaam. Gofu nimeianza ukubwani, baada ya daktari kunisema kuhusu kitambi na ofisi kukubali kunilipia ada ya klabu. Handikapu yangu, ile mipigo ya ziada anayopewa mchezaji asiye fundi, ni 31 na sioni dalili ya kushuka, maana nacheza Jumamosi tu, na Jumamosi nyingine kuna msiba, nyingine kuna harusi.

Begi langu ni la kuokoteza. Draiva, ile fimbo ndefu ya mpigo wa kwanza, nilinunua mpya kwa pupa. Ayani, zile fimbo za kichwa cha chuma, ninazo tatu: namba 7, namba 9 na weji (fimbo ya mipigo ya karibu) ya mchanga ya digrii 56. Hazifanani hata kidogo. Namba 7 ni ya miaka ya 90, niliachiwa na bosi aliyerudi kwao. Sasa nimeamua kununua seti kamili, iliyotumika kwa sababu mpya siziwezi, na hapo ndipo yaliponikuta.

Klabuni kwetu yuko mzee mmoja mstaafu anayeheshimiwa na kila mtu. Ndiye aliyenipokea siku ya kwanza na kunifundisha adabu za uwanjani. Mpaka leo nikisimama mahali pasipofaa mwenzangu akiwa anapiga, jicho la Mzee linanitosha. Amenunua fimbo mpya, na zile zake za zamani anataka nizichukue mimi. Ni Mizuno MP-33, kuanzia namba 3 hadi weji, fimbo nane, shilingi 1,600,000, na amesema nilipe kidogo kidogo. Ni nzuri kuzitazama, Mshauri! Nyembamba, zinang'aa, ukizishika unajiona mchezaji wa kulipwa. Mpira ukiupata katikati unaondoka kama haukuguswa. Shida ni kuupata hapo katikati. Nilipozijaribu mashimo tisa, mipira mingi ilifia mbele yangu na vidole vikafa ganzi. Kedi wangu, anayenibebea begi uwanjani, anasema ndivyo zinavyofundisha, nikizivumilia mwaka mmoja nitapiga kama watu. Mzee naye anasema hivyo hivyo. Niongeze kwamba mimi ni mrefu, futi 6 na inchi 2, na Mzee ni mfupi, fimbo zake alizipunguza kidogo.

Mwezi uliopita nikaenda Nairobi kikazi. Rafiki yangu kule anauza TaylorMade M4, namba 5 hadi weji, fimbo sita, shilingi 45,000 za Kenya, ambazo ni kama 900,000 za kwetu. Alinipeleka kwenye uwanja wa mazoezi tukapiga juu ya zulia. Namba 7 yake ikaenda mita 150! Namba 7 yangu hapa Dar, siku ikiwa njema, ni 125. Nilirudi hotelini usingizi haukuja.

Nisaidie. Fimbo inaweza kweli kuniongezea mita 25? Ni kweli fimbo ngumu zinafundisha? Na nikizikataa za Mzee nitamtazamaje usoni? Kuna mwenzetu pia kanitisha kwamba fimbo za zamani zimepigwa marufuku kwa sababu ya mistari iliyochongwa kwenye uso wa fimbo. Mke wangu ameshatoa ushauri wake: ninunue zozote, ila niache kuzizungumzia mezani.

Mrefu wa Tegeta

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Nakupa jibu kwanza, sababu zitafuata: za Mzee usizichukue. Za Nairobi zinakufaa, lakini zile mita 150 zisikupe wazimu, maana nyingine zitabaki hukohuko Nairobi na nyingine hazikuwa zako tangu mwanzo.

Tuanze na hizo mita, maana ndizo zilizokunyima usingizi na ndizo zinazouza fimbo duniani kote. Namba iliyochongwa chini ya ayani haina kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji. Kila kampuni inaamua yenyewe namba 7 yake iwe na lofti gani, yaani uso wa fimbo ulale nyuma kwa digrii ngapi; digrii zikipungua, mpira unakwenda mbali zaidi. Namba 7 ya miaka ya 90 kama hiyo yako, na hata MP-33 ya Mzee, iko kwenye digrii 35 au karibu na hapo. Namba 7 ya M4, iliyotoka 2018, ni digrii 28.5. Ukichungulia namba 5 za seti nyingi za zamani utakuta zina digrii 27 au 28. Kwa hiyo pale Nairobi ulipiga fimbo ambayo baba zetu wangeiita namba 5, imeandikwa 7, ukaifurahia kwa jina lake jipya. Hapo peke yake pana mita 15 mpaka 20.

Zinazobaki ni za mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unakatiza kwa urahisi. Hesabu ya kawaida ni ongezeko la kama asilimia 6, na kwa mpigo wa mita 140 hizo ni mita 8. Wakenya wa klabu za Muthaiga na Karen za Nairobi wanalijua hili vizuri kwa sababu wakishuka Mombasa kucheza Nyali, siku ya kwanza kila mpira unaishia mbele ya grini, ile nyasi fupi penye shimo, na kila mtu analaumu mgongo. Dar tuko pwani kama wao wa Nyali. Namba 7 ile ile ukiipiga hapa, tegemea 140 na kidogo.

Halafu kuna zulia, na hili ndilo lililonifanya nikune kichwa nilipokuwa nasoma barua yako. Mchezaji wa handikapu 31 kosa lake kubwa ni kugusa ardhi kabla ya mpira. Kwenye nyasi kosa hilo linaua mpigo: fimbo inachimba, mpira unasogea mita 60. Kwenye zulia fimbo inateleza, inaufikia mpira bado ina nguvu, nawe unatoka pale unajiona bingwa. Kwa hiyo jaribio ulilofanya halikukuonyesha M4 itakavyokutendea unapokosea, na wewe unanunua fimbo kwa ajili ya siku unazokosea. Mwombe rafiki yako akuachie namba 7 na namba 9 upige kwenye nyasi halisi, hata mashimo manne tu jioni, kabla hujatoa hela. Kama yeye ni rafiki kweli hilo halitamsumbua.

Sasa kwa nini bado nasema M4? Kwa sababu ya mahali uzito ulipowekwa. MP-33 ni ayani iliyofuliwa kutoka kipande kimoja cha chuma laini, mgongo umejaa, uzito umekaa nyuma ya sehemu ndogo ya katikati. Ukiipata hapo, kama ulivyosema mwenyewe, mpira unaondoka kama haukuguswa. Ukiukosa kwa upana wa kidole, kichwa kinajipinda mkononi, mpira unapoteza nguvu na mwelekeo kwa pamoja. M4 na wenzake wana mgongo uliochimbwa, na chuma kilichotolewa pale kimesukumwa pembezoni na chini. Kichwa cha namna hiyo ni kigumu kupindika, hivyo mpira ulioguswa karibu na ncha unafika ingawa umechoka. Pia uzito wa chini unausaidia mpira kupanda, na soli pana, yaani sehemu ya chini ya kichwa, inapunguza kuchimba, jambo utakalolishukuru mwezi Aprili, masika yakishalainisha viwanja vyetu.

Ujanja huu si wa jana. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei aliyekuwa akifanya kazi General Electric huko Marekani, alichoshwa na pata yake mwenyewe, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, akaanza kutengeneza nyingine yenye uzito pembezoni. Ilikuwa mwaka 1959, na mlio wake ulipogonga mpira ndio uliozaa jina la Ping. Baadaye akahamishia wazo hilo kwenye ayani, na Ping Eye 2 zilipoingia sokoni mwaka 1982 zilivaa sura ambayo wenye macho ya anasa waliicheka. Ukikutana na seti ya Eye 2 leo, chakavu, ya umri wa miaka 40 na ushee, itakusamehe kuliko MP-33 zilizotunzwa kwenye soksi. Kwa mchezaji wa handikapu yako, mwaka wa fimbo ni jambo la tatu au la nne.

Kedi wako anasema fimbo ngumu zinafundisha. Namheshimu, na najua hilo wazo linatoka wapi. Makedi wengi wa kwetu walijifunza kwa fimbo moja ya kuokoteza, imepinda, mshiko umefungwa mpira wa baiskeli, na wakawa wachezaji hatari. Lakini walianza wakiwa watoto na walishinda uwanjani kutwa nzima, wiki nzima. Wewe una Jumamosi, tena ikiwa hakuna msiba. Fimbo ngumu inakuambia umekosa, haikuambii umekosa nini, na habari ya kwamba umekosa mpira wenyewe utakuletea hata ukipiga kwa mwiko wa ugali. Anayefundisha ni mwalimu. Tofauti ya bei kati ya seti hizi mbili ni shilingi 700,000. Zipeleke kwa mwalimu wa klabu, na masomo utakayopata hapo yatakushusha handikapu kuliko chuma chochote cha Japani.

Kuna kingine kwenye fimbo za Mzee ambacho nadhani hujakiangalia, nacho ni mpini. Tazama karatasi iliyobandikwa chini ya mshiko. MP-33 nyingi zilifungwa mipini mizito ya chuma, na ukikuta Dynamic Gold S300 ujue umeshika mpini wa gramu 130 hivi, mgumu, uliokusudiwa mtu mwenye kasi ya mikono. Mtu ambaye namba 7 yake inafika 125 siku njema hana kasi hiyo. Mpini mgumu mikononi mwake unauweka mpira chini na kuuelekeza kulia, na ukifika shimo la 14 mabega yanaanza kulalamika. Herufi ya ugumu wa mpini unayoitafuta wewe ni R, yaani wa kawaida. Kwa watu wazima kidogo au wenye mgongo mbovu hata ile laini zaidi, A, si aibu. Ukikuta S, yaani mgumu, kwenye M4 za rafiki yako, hapo nitabadili ushauri wangu, au utamwomba apunguze bei ya kutosha kubadilishia mipini, na hiyo ni kazi isiyolipa kwa seti ya umri huo.

Halafu urefu wako. Mzee amezipunguza zake. Futi 6 na inchi 2 juu ya fimbo zilizokatwa kwa ajili ya mtu mfupi, ndugu yangu, hapo unajiinamisha mpaka kiuno kikuombe radhi. Na kukata mpini hakuondoi urefu peke yake. Kila nusu inchi inafanya kichwa kihisike chepesi mkononi, kana kwamba hakipo, na mchezaji mgeni akikosa kukihisi kichwa anaanza kukitafuta kwa nguvu. Namba 7 ya kawaida yenye mpini wa chuma ni kama inchi 37. Pima mwenyewe: isimamishe kama unavyotaka kupiga, futi kamba ianzie chini kwenye kisigino cha fimbo, ipande nyuma ya mpini mpaka mwisho wa mshiko. Za Nairobi nazo zipime. Zikiwa za kawaida, huenda zikakutosha bila kuguswa, maana kinachohesabika ni umbali wa kifundo cha mkono kutoka sakafuni, na warefu wengi wana mikono mirefu pia. Zikipungua kidogo, fundi anaweza kuongeza kipande juu siku ya kubadili mishiko.

Urefu unakwenda na mlalo, yaani pembe kati ya mpini na ardhi. Mtu mrefu kwa kawaida anahitaji fimbo iliyosimama zaidi. Namna ya kuangalia haihitaji mashine: chora mstari mnene kwenye mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, uweke mstari umesimama wima ukitazamana na uso wa fimbo, kisha piga. Alama itakayobaki usoni ikisimama wima, mlalo ni wako. Ikiinama, sio wako. Tazama na soli za fimbo zenyewe. Zikilika zaidi upande wa ncha, kwa aliyezitumia zilikuwa zimelala mno. Zikilika kisiginoni, zilikuwa zimesimama mno. Ukihamia kwenye Ping kazi inakuwa nyepesi kwa sababu wanaweka nukta ya rangi kichwani: nyeusi ni ya kawaida, nyekundu imelala, buluu imesimama. Nimeona watu wakichagua nukta kwa rangi ya timu. Usiwe wao, hasa kama wewe ni wa Simba.

Sasa niseme ubaya wa M4, maana nisiposema utakuja kunilaumu. Kwa kuwa digrii za lofti zimepunguzwa, namba 5 ya seti ile ina digrii 21.5. Namba 3 ya Mzee iko karibu na hapo. Yaani ile fimbo iliyokushinda kabisa kwa Mzee, Nairobi unauziwa ikiwa imeandikwa 5. Uso mwembamba na uzito wa chini vitasaidia, lakini kwa kasi yako mpira utaruka chini na kutua mapema, na mara nyingi namba 6 itafika pale pale. Mahali pake tafuta hibridi moja iliyotumika, fimbo rahisi ya kichwa kinene inayoshika nafasi ya ayani ndefu, ya digrii 24 au 25. Nayo namba 5 mwachie rafiki yako kama atakubali kupunguza, au ichukue ikae begini. Kanuni zinakuruhusu fimbo 14 na wewe hujafika hata kumi.

Upande wa chini pana pengo lenye madhara zaidi. Weji ya M4 ni digrii 43.5, sawa na namba 9 ya zamani. Weji yako ya mchanga ni 56. Katikati pana digrii 12 na nusu ambazo huna fimbo yake, na hapo ndipo umbali wa mita 70 mpaka 90 unapolala, umbali ambao mtu wa handikapu 31 anaukuta karibu kila shimo baada ya mpigo wa pili kutofika. M4 ilitengenezwa pamoja na weji ya ziada yenye herufi A, digrii 49. Muulize rafiki yako iko wapi. Wengi wanauza seti, hiyo wanabaki nayo kwa sababu wanaipenda. Iwe sehemu ya mapatano, na kama haipo, nunua weji yoyote ya digrii 49 au 50, hata ya kampuni nyingine.

Siku ya kuzikagua nenda mchana, juani. Uso kwanza: pitisha ukucha kwenye mistari. Ikiwa ukucha unakwama, iko hai. Ukiteleza, hasa kwenye namba 9 na weji ambazo huchakaa mapema, punguza bei. Mikwaruzo na vijishimo vya kokoto kwenye soli ni mvi tu, haviharibu mpira. Kinachoharibu ni ufa. Kwenye soli ya M4 kuna mwanya mwembamba uliojazwa kitu laini, utazame kwa makini, usiwe umechanika wala kuchokonolewa na mchanga. Kisha shingo: ile pete nyeusi ya plastiki pale mpini unapoingia kichwani ikiwa imepanda na kuacha nafasi, gundi imeanza kuachia, na kichwa cha namna hiyo siku moja kitakwenda mbali kuliko mpira. Shika kichwa kwa mkono mmoja, mpini kwa mwingine, jaribu kupindua, usikilize. Tikisa pia. Kikilia ndani kama njugu kuna kitu kimemeguka. Kutu kwenye mpini wa chuma karibu na shingo isikudanganye kwa udogo wake, hasa sisi wa pwani tunaoishi na chumvi hewani. Ile ya juu inafutika, ile iliyotoboa ngozi ya mpini inaendelea kula kimyakimya.

Zipange zote sita sakafuni, vichwa vikitazama upande mmoja. Mipini iwe ya aina moja, karatasi zake zifanane, urefu ushuke kwa hatua zinazolingana, maandishi yawe na unene mmoja. Ikiwa moja ina sura ya mgeni, uliza. Fimbo bandia zipo nyingi na hata mwenye kuuza huwa hajui kuwa aliuziwa bandia. Rangi iliyojazwa ovyo ndani ya herufi na uzito unaotofautiana ni dalili. Ziweke kando ya M4 ya mtu mwingine klabuni hapo Nairobi, dakika tano zinatosha.

Mishiko itakuwa imekauka, bila shaka. Mshiko uliokauka unang'aa na unateleza, nawe kwa jasho la Dar utaubana kama usukani wa bodaboda. Weka bajeti ya kubadili yote, na gharama hiyo iingie kwenye mazungumzo ya bei. Kwa seti ya 2018, bila weji A, mishiko imechoka, mimi ningeanza na 35,000 za Kenya na nisingevuka 40,000. Namba 3 na 4 kukosekana kusikusikitishe hata kidogo, tena ndiyo sehemu ya seti ya Mzee ambayo ungeilipia bila kuitumia.

Tuje kwa Mzee. Barua yako niliisoma mara ya pili nikaona hofu yako kubwa iko hapa, fimbo ni kisingizio. Kwanza usimwambie mtu mwingine yeyote klabuni kabla yake. Habari ikimfikia kupitia kwa kedi, umeshaharibu. Mtafute akiwa peke yake, si akiwa na wenzake wa rika mezani, umwambie kweli iliyo kweli: "Mzee, nimezijaribu, zimenizidi." Hapo hujaidharau bidhaa yake wala hujamwongopea. Umemwambia fimbo zake ni za mchezaji, na wewe bado. Mwenye kucheza MP-33 miaka yote hiyo anajua zinadai nini, na moyoni atafurahi kusikia kwamba si kila mtu anaziweza. Usimtajie bei ya Nairobi, itakuwa kama unamshindanisha. Usimwahidi pia kwamba utazichukua handikapu ikishuka, kwa sababu wazee wa gofu hawasahau, na ataziweka akikusubiri.

Kisha mpe heshima ya kukufanyia kazi. Mwombe aje azikague za Nairobi zikifika, apige mipira michache, akuambie anaonaje. Mtu aliyekufundisha pa kusimama hatakataa kukutazama unavyosimama na fimbo mpya. Kama unaona mkono mtupu utakuwa mzito sana, mwulize kama ana weji ya zamani ya digrii 50 anayotaka kuiachia. Unaihitaji kweli, na wewe utakuwa na kitu chake begini. Ila pima urefu kwanza!

Mwisho ni hiyo marufuku uliyotishwa nayo. Kanuni ya mistari ya usoni ilibadilika mwaka 2010: ayani na weji zinazotengenezwa tangu hapo hazipaswi kuwa na mistari yenye makali na ujazo kama wa zamani, ile iliyowawezesha wachezaji wa kulipwa kuusokota mpira hata kutoka kwenye majani marefu. Walioguswa kwanza ni hao wa kulipwa na mashindano ya ngazi ya juu yanayoweka sharti hilo. Jumamosi yako ya klabu na shindano la kila mwezi havimo, isipokuwa waandaaji wameandika hivyo kwenye masharti. M4 ni ya 2018, kwa hiyo upande huo haikuhusu kabisa. Na ukipata weji ya Mzee iliyotengenezwa kabla ya 2010, icheze bila wasiwasi, ukimtaka huyo mwenzako anayekutisha akuonyeshe lilipoandikwa sharti.

Mkeo mwambie kwamba nimekubaliana naye kuhusu meza.